Koti la Ntwari na Mtu wa Nyuma

Kamioneti ilikuwa ikipanda kutoka Sake, na Kampire alikuwa amebanwa juu ya magunia ya maharagwe, magoti yake yakigusa mgongo wa dereva wa pikipiki aitwaye Ntwari. Ntwari alikuwa amevaa koti jipya la mvua, na gari zima lilishajua.

“Zingine zinachoma kama jiko, zingine zinabana mabega,” alisema. “Hii njo koti! Mutu anapumua ndani.”

Mama Umurerwa, muuza jibini, hakumfahamu kijana huyo, lakini hilo halikumzuia. “Iko muzuri kwako, kaka. Na mimi mwenye kukaa nyuma yako ku pikipiki? Makoti ya zamani yalikuwa makubwa, mvua ikikuja tunaingiza kichwa ndani. Hii inakukamata kama soksi. Nitaingia wapi?”

“Mama, mimi nikilowa nikitetemeka, sisi wote tunaingia mu mutaro!”

“Basi utafika mukavu, uniteremushe kama nguo ya kufua!”

Watu walicheka. Ntwari, macho yakiwaka, akamgeukia Kampire na kumpa chupa ya maji. “Dada, mwaga yote hapa ku mugongo! Waone!”

Kampire hakuwa amewahi kuombwa jambo tamu namna hiyo. Akamwaga yote. Maji yakateleza juu ya koti kama juu ya jani la mgomba.

“Munaona? Ndani iko mukavu!”

“Tumeona,” alisema Mama Umurerwa, akimtazama Kampire.

Kamioneti ikasimama Mushaki. Mawingu yalikuwa yamejaa juu ya milima, mvua ilikuwa haijaanza, na Kampire akashuka akikamua sketi yake.