Fundi wa Taa na Mianga ya Ncha za Dunia

Mheshimiwa Afisa Elimu, Mwalimu Mkuu, walimu wetu wapendwa, wazazi, ndugu wageni waalikwa, na wanafunzi wenzangu:

Leo ni Ijumaa, tarehe kumi na nne Novemba, siku ya kumuaga Fundi Umeme wetu anayestaafu, nami nimeahidi kusimulia yote, hata yale yanayoniaibisha.

Kikombe mnachokiona mezani tulikipata kwa kueleza aurora, ile mianga inayotanda angani karibu na ncha za dunia. Lakini mwezi mmoja kabla ya mashindano ya sayansi ya shule nilisimama darasani kufanya mazoezi, nikatamka kwa kujiamini kabisa kwamba ni mwanga wa jua unaoakisiwa na barafu. Fundi alikuwa juu ya ngazi, anabadilisha taa ya tyubu.

"Mwanangu," akasema, "barafu ingekuwa na kazi hiyo, friji ya mama yako ingewamulikia sebule nzima."

Darasa likaangua kicheko. Mimi nikanuna. Akashuka na tyubu mkononi.

"Humu ndani kuna gesi. Umeme ukiigonga, mwanga unatoka. Sasa kamuulize mwalimu wako, huko juu nani anamgonga nani?"

Niliuliza, nikasoma. Jua hutupa chembe zenye umeme. Sumaku ya dunia huzielekeza kwenye ncha zake, na huko hugonga hewa. Oksijeni hutoa kijani, na juu zaidi nyekundu. Naitrojeni hutoa buluu na zambarau. Kwa kuwa chembe hufuata njia za sumaku, mwanga hujipanga kama upinde, kama miale, au kama pazia linalopepea. Njia hizo tulizijua kibandani kwa Fundi, tulipomwaga unga wa chuma kwenye karatasi iliyofunika sumaku.

Kwa hiyo jaji aliponiuliza, "Kwa nini pazia?", je, nilibabaika? Shule kumi na mbili zilikuwepo, na kikombe kimelala kwetu.

Fundi, wewe hujaiona aurora, wala mimi. Lakini kwa miaka thelathini na moja hukuacha darasa hata moja gizani, na mimi ni mmoja wa uliowawashia taa.

Nawashukuru nyote kwa kunitegea sikio. Mwalimu Mkuu, tumesikia kwamba kuanzia Jumatatu kibanda kile kitakuwa stoo ya madawati mabovu. Kabla sijashuka jukwaani, naomba jibu: ufunguo wa Fundi atakabidhiwa nani, madawati au sisi?