Kumuaga Mbuthia, Msoma Mita wa Kimumu

Mheshimiwa Meneja wa maji, Bwana Chifu, Pasta, wazee na akina mama wa Kimumu, na wewe Mbuthia uliyekaa hapo mbele na tai kama mtu anayeenda kuoa tena: hamjambo nyote.

Mimi ni Taprandich, lakini kila mtu hapa ananiita Kogo, yaani bibi yao, hata Meneja, ambaye naye ana wajukuu. Mjukuu wangu Chebet alinitungia hotuba nzuri kwenye karatasi. Nimeiacha nyumbani. Karatasi na mimi hatujawahi kuelewana. Shule niliiona kwa nje tu, nikipita na ng'ombe. Kwa hivyo mtanisikia hivi nilivyo, na Pasta nitamwomba msamaha baadaye.

Tumekuja kumuaga Mbuthia, aliyesoma mita za maji mtaani kwetu mpaka umri wake wa kustaafu ukafika. Hakuna atakayechukua nafasi yake, kwa sababu zimekuja mita mpya zinazojisoma zenyewe na kutuma habari ofisini. Na ni nani aliyepiga kelele kuliko wote ziletwe? Ni mimi. Nilipanda ngazi za ofisi ya Meneja, akina mama nyuma yangu, nikasema bomba linavuja chini ya ardhi na hatujui mpaka bili itushtue, na mitaa mingine wamepata, sisi tumekosa nini? Siku hizi kila mtu anazitaka. Cheptiret wanazitaka. Dada yangu anayekaa kule Ziwa, anayechota maji kisimani, hana hata bomba, naye ananiuliza mita yake italetwa lini. Nilizisifu kama mtu aliyezitengeneza.

Basi yangu ikawekwa. Ninyi mnaokumbuka ule mwaka wa fujo za baada ya kura, mnajua mita za nyumba zilizoachwa ziling'olewa zikaenda kwa watu wa vyuma kuukuu. Mimi ni nani niache mali yangu uchi? Nikachukua karai la chuma, nikaifunika, juu nikaweka jiwe. Asubuhi nikawa nawaringia majirani kwamba yangu imelala salama. Kumbe nimeiziba mdomo, habari zake hazipiti kwenye chuma. Huko ofisini wakaona nyumba ya Kogo haitumii hata tone, wakafikiri nimekufa, au naiba maji. Wakatuma gari la vijana.

Gari limejaa vijana, limesimama langoni kwa mtu. Mtaani kwetu hilo si jambo dogo. Mbuthia alikuwa kwake, kwenye likizo ya mwisho, akaliona. Alikuja mbio, kiatu kimoja mguuni, kingine hatujakiona mpaka leo, akasimama kati yangu na wale vijana, akihema.

"Mnamtakia nini huyu mama?"

Vijana maskini wameshika bisibisi tu. Mmoja akainua karai, mita ikaanza kuongea na ofisi, na mimi nikatafuta mahali pa kujificha, lakini mwili huu haujifichi popote.

Wapendwa, huyo ni mtu aliyeukimbia mtaa huu mwaka ule, yeye na Nduta mkewe na watoto, wakalala kwenye hema uwanja wa maonyesho. Waliwakimbia watu wa kwetu, watu wa damu yangu, sitazunguka. Waliporudi, hakuna aliyemsalimia mwenzake. Hata kanisani kila watu walikuwa na benchi lao. Ni nani aliyeingia kwenye maboma ya wote? Ni yeye, kwa sababu mita iko ndani na kazi ni kazi. Mara ya kwanza alisimama langoni, mimi nikasimama mlangoni. Akauliza kama mbwa anauma.

Nikamwambia, "Mbwa anakuogopa. Hata mimi nakuogopa. Ingia usome."

Mwezi uliofuata akakuta chai. Baadaye akakuta mursik, maziwa yetu yaliyoganda, na nyinyi mnajua kibuyu cha mursik hakifunguliwi kwa mtu wa kupita. Mwishowe nikawa namgombeza akichelewa, kana kwamba maji yangu yatachacha. Nyumba moja ikimkaribisha, ya pili inaona haya. Hivyo ndivyo tulivyoanza kusalimiana tena.

Sasa niambieni, hii mita mpya inakunywa chai? Inajua kupeleka salamu kwa watu waliokosana? Sitaikashifu. Juzi imetuambia kwa simu ya Chebet kwamba choo kinavuja, na kweli kilikuwa kinavuja. Lakini mimi, mzee mjinga, nilidhani naomba mita, kumbe naomba Mbuthia aondoke.

Maana anasema atauza plot yake, nyumba na vyote, aende kwa ndugu yake kule Nyahururu. Nduta hataki, nimemuuliza mwenyewe. Huko, anasema, yeye ni mgeni, watoto wamezaliwa hapa. Lakini mume amemwambia kwamba bila kazi hana tena sababu ya kugonga lango la mtu.

Mbuthia, nitazame. Yule mnunuzi wako aliyekuja Jumatatu, yule mwenye kofia, ambaye sasa hapokei simu zako, alipitia kwangu kuuliza njia. Nilimkaribisha vizuri sana. Nikamwambia plot ni nzuri, ila mvua ikinyesha maji huingia mpaka chini ya kitanda, na jirani ni bibi mkorofi asiyejua kunyamaza. Hilo la pili lilikuwa kweli. Nduta alikuwa hapo hapo jikoni kwangu akinywa chai, na hakunipinga hata neno moja.

Ukileta mnunuzi mwingine, njia ya kwako ni moja, inapita kwangu, na mimi siku hizi sina kazi nyingine. Wewe ukitaka kuja, njoo tu. Lango langu halijawahi kukuuliza sababu.

Meneja, chukua maiki yako kabla sijaizoea. Na nyinyi nyote mlionivumilia, Mungu awabariki. Asanteni kwa kumsikiliza Kogo.