Fundi Cherehani Aliyetoka Nje Wakati wa Kura

Ndugu, majirani na marafiki mliofika kutusindikiza, haya ni maisha ya binti yetu, mama yake mzazi ameyasema kwa mdomo wake, mimi mjukuu wa mama huyo nimeyaandika na ninayasoma kama alivyoyasema, na nikikwama mahali mnivumilie.

Mwanangu alizaliwa Alhamisi tarehe 8 Februari 1979, nyumbani, mchana, kabla mkunga hajavua viatu, akiwa kitindamimba wa watoto wangu watano, na alipoanza kusema hakunyamaza tena, kila kitu kwa nini, kila mtu kwa nini, baba yake akampa jina la Swali, na mpaka anazikwa leo, ndugu zake hawamwiti vingine.

Alianza shule ya msingi Januari 1986 akamaliza Novemba 1992, mwalimu wake wa hesabu akaja kuniambia, mama, huyu mtoto mpeleke mbele, nikamwambia, mwalimu wangu, mbele ni wapi na mimi nina nguo moja ya kutokea, basi tarehe 11 Januari 1993 akaingia kwa fundi cherehani, mwanamke mkali aliyekuwa akifumua kazi nzima kwa kosa la mshono mmoja, akakaa naye miaka minne, na tarehe 3 Juni 1997 akafungua chumba chake mwenyewe, cherehani moja, kioo kimoja, na pazia la kupimia nguo.

Mlango wa chumba hicho ndio uliomletea mume, maana aliita fundi rangi aupake, kazi ya siku moja, kijana akaupaka wiki tatu, nikamuuliza, baba, huu mlango unakua kila siku, akainamisha kichwa akasema, mama, naona bado haujakolea, nikajua la kujua, wakafunga ndoa Jumamosi tarehe 12 Desemba 1998, wakajaliwa binti wawili, wa kwanza alizaliwa tarehe 21 Aprili 2000 na wa pili tarehe 9 Septemba 2005, hawa hapa mbele yenu, mmoja ameshika mkono wa baba yake na mwingine ameshika wangu.

Machi 2013 alichaguliwa kuingia katika kamati ya shirika la hisani la mtaa wetu, na kwa wasiojua, kamati ile ni watu tisa wa kujitolea, hawalipwi na hawagusi fedha, kazi yao ni kusikiliza watu wanataka nini, kwenda kuona, halafu kuliambia shirika ombi lipi litangulie mwaka huo na lipi lisubiri, na Jumamosi ya tatu ya Novemba kila mjumbe hupewa punje tatu za mahindi, anazitumbukiza katika kopo la jambo analoona lina haraka, na michoro ya kwenye makopo aliichora yeye, bomba, kitanda, dawati, ili asiyejua kusoma naye aweze kuchagua.

Alikuwa na tabia ya kwenda kuona shida saa ile inapouma, ombi la paa la shule alikwenda siku ya mvua akakaa dawatini na watoto mpaka akalowa, ombi la mabenchi ya zahanati alisimama foleni tangu asubuhi kama mgonjwa, akarudi kikaoni ameinama, akasema, mwenyekiti, mimi sina hotuba, uliza mgongo wangu, mabenchi yakapita siku hiyohiyo.

Na kanuni ya kutoka nje aliileta yeye, mwaka 2015, baada ya mwenyekiti wa zamani kuipigania taa ya barabarani mpaka ikawekwa mbele ya banda lake la kuku, mtaa mzima ukacheka kwamba sasa kuku wanasoma magazeti, mwanangu hakucheka, alisema kikaoni, kuanzia leo mwenye mgonjwa, mtoto au duka litakalonufaika na ombi, atoke nje wakati wa kura, wakakubali wote, wakaiandika.

Agosti 2021 alianza kukohoa, tukadhani ni vumbi la vitambaa, hospitali kubwa wakapiga picha wakasema mapafu yanakakamaa, atatumia dawa, ila siku pumzi ikimbana ni lazima apewe oksijeni haraka, na zahanati yetu haikuwa nayo, na hospitali kubwa ni mbali, wote mnaijua ile barabara.

Mwaka 2023 muuguzi wa zahanati akapeleka ombi la mashine ya oksijeni, kwa ajili ya watoto wenye vichomi na wazee na yeyote, na akina mama wa mtaa wa chini wakapeleka ombi la bomba, kwa sababu walikuwa wakiteka maji kwenye mfereji, kikao kikawa Jumamosi tarehe 18 Novemba, na kabla ya kura mwanangu akasimama, akachukua mfuko wake wa kushonea, mwenyekiti wa sasa, mzee wetu mstaafu wa posta, akamwambia, kaa dada, humu ndani sote tuna mapafu, akamjibu, mzee, ya kuku tuliyacheka, haya yangu mtayacheka lini, akatoka, akakaa ngazini anakunja pindo la sketi ya mtu, akisubiri.

Bomba lilipata punje kumi, oksijeni ikapata tisa, nyingine zikaenda kwingine, na punje zake tatu alirudi nazo mkononi, akawarushia kuku wa jirani.

Mimi nilikasirika, sisemi uongo mbele ya jeneza, niliacha kuwaamkia wajumbe, nikipita kwa mwenyekiti natazama upande wa pili, na siku moja mwezi wa pili, anaumwa, nikamuuliza, Swali, ungebaki ndani punje zako ungeziweka wapi, akasema, kwenye bomba mama, watoto wa kule chini wanaharisha, akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, na mimi niliyemzaa namjua anaposema kweli na namjua anaponibembeleza, ila siku ile sikumjua, na nitaishi bila kujua.

Jumanne tarehe 14 Mei 2024, saa tatu asubuhi, pumzi ilimbana akiwa kwenye cherehani, mume wake na fundi seremala wa jirani wakambeba mpaka zahanati, muuguzi akamketisha, akampa dawa aliyokuwa nayo, akamshika mkono, hewa ya kumpa hakuwa nayo, seremala akaleta gari lake la kubebea mbao tukaondoka, nimempakata kama nilivyompakata akiwa mdogo, akaniambia suruali ya mwalimu iko tayari, ipo msumarini, hakusema tena, akatutoka barabarani saa tano kasoro robo, akiwa na miaka arobaini na mitano, miezi mitatu na siku sita.

Familia inawashukuru madaktari wa hospitali kubwa waliomtunza karibu miaka mitatu, inamshukuru muuguzi wetu wa zahanati, ambaye nasikia hajala tangu juzi, muuguzi mwanangu, kula, hukumnyima kitu ulichokuwa nacho, inamshukuru seremala kwa gari na kwa jeneza, na majirani kwa viti na kwa kukaa nasi.

Akina mama wa mtaa wa chini, mmeleta ndoo za maji tangu Jumanne, maji ya bomba lile, mlipotua ndoo ya kwanza mlangoni niliingia ndani nikafunga mlango, mliniona, mkaendelea kuleta, jana nimeyanywa, ni matamu, na asante ambayo sikuitoa siku ile naitoa leo, wanywesheni watoto.

Wajumbe wa kamati, wenzake wa kazi, kwenu nilikuwa sina neno, nilimwambia mjukuu wangu aruke mahali hapa, lakini jana mzee wa posta alikuja akakaa chini kabisa, kofia mkononi, hakujitetea, akasema ombi la oksijeni litarudi Novemba, na kiti cha fundi kipo wazi, nyumba yetu ikipenda itoe mtu, nikamwambia nitakuja mwenyewe, akaniuliza, mama utaweza, nikamwambia kikao ni kukaa, na kukaa naweza, basi nawashukuru kwa miaka kumi na moja mliyokaa na mwanangu, na siku hiyo ya kura msiniambie nitoke nje, kanuni yenu naijua, inamtoa mwenye mgonjwa nyumbani, na mimi sina tena.

Pumzika, Swali wangu, pumzika kwa amani.