Shangazi Aliyekataa Kubeba Siwa

Kila asubuhi, kabla ya chai, marehemu shangazi yetu alitembea kwenye korido ya nyumba yake na fagio begani, kutoka jikoni hadi mlango wa sebuleni, bila kutazama miguu yake. Akifika, aliliinamia kabati la vyombo, akageuka. Watoto walipocheka, aliwaambia kwamba bungeni akijikwaa yeye, itacheka nchi nzima.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1962, mtoto wa tatu wa fundi cherehani na mkunga. Alimaliza sekondari mwaka 1980, akiwa nahodha wa netiboli, na mwaka uliofuata akaajiriwa bungeni kuwa mhudumu wa ofisi.

Huko ndiko alikokutana na mumewe, seremala aliyekuja kutengeneza viti vya wabunge. Seremala alimkuta shangazi amebeba viti vinne kwa mpigo, akamwambia, "Dada, kama hivyo unaviweza, na mimi utaniweza." Shangazi akamjibu kwamba yeye anamwona mwepesi. Walifunga ndoa tarehe 7 Septemba 1985, wakajaliwa watoto wawili, na wakanilea mimi, mtoto wa kaka yake.

Mwaka 1996 aliteuliwa kuwa mpambe wa Bunge, mwanamke wa kwanza kushika kazi hiyo. Mpambe ndiye hubeba siwa, rungu lile kubwa la dhahabu, mbele ya Spika. Mabunge ya nchi nyingi yana siwa zao. Kwetu, siwa isipowekwa mezani hakuna kikao. Kinachosemwa ni mazungumzo tu. Na haiingii ukumbini ikiwa wabunge hawajafika nusu.

Tarehe 9 Juni 2016 uliletwa muswada wa kumwongezea mkuu wa nchi muda wa kutawala. Zaidi ya nusu ya wabunge walizuiwa getini na askari. Spika akaamuru siwa iingie hivyo hivyo. Shangazi akasimama mlangoni nayo begani, hakusogea.

Msaidizi wa Spika akamfuata. "Mama, kazi yako kubeba, siyo kuhesabu watu."

"Basi bebeni wenyewe," akamjibu, akailaza juu ya zulia.

Aliitwa dereva wa Spika, akaiingiza siwa ikiwa kichwa chini. Muswada ukapita kabla ya chakula cha mchana, waheshimiwa wakapiga meza kwa furaha.

Ofisi ya Bunge imetuomba wasifu huu useme kwamba "alistaafu kwa heshima". Hakustaafu. Alifukuzwa Jumatatu iliyofuata, wakaita hilo manufaa ya umma, na bima yake ya matibabu ikafutwa. Figo zilipoanza kushindwa mwaka 2021, hospitali ya serikali ilimpa zamu ya kusafishwa damu, kisha ikamnyang'anya. Tulipouliza sababu, tuliambiwa ni maelekezo kutoka juu. Huko juu hakuna aliyetupokea. Alifariki tarehe 3 Februari 2023, kwenye benchi la mapokezi, akiwa amemwegemea mumewe.

Leo wametuletea shada la maua lenye utepe wa taifa. Liko nje ya geti. Aliyelileta akalichukue.

Ameacha mume, watoto wawili, wajukuu watatu, kaka mmoja, na mimi. Alale salama, mahali ambapo hapokei amri ya mtu.

Katika siku zake za mwisho nilimuuliza swali moja tu. Alijua kwamba siwa ingeingia hata bila yeye. Sasa kwa nini alikataa?

"Nilijua," akasema. "Ila walitaka niwasaidie, nami sikutaka."