Kilo Nne za Kisilu

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka bondia Kisilu wa Matinyani, aliyetutoka wiki jana. Kisilu bondia. Msimchanganye na Kisilu wa baiskeli, huyo yuko hai na anatusikiliza saa hii.

Mwaka ni 1978. Kisilu anaitwa Machakos kupigania nafasi kwenye timu ya mkoa. Sharti ni moja: asizidi kilo hamsini na saba. Kocha wake, mwalimu Kilonzo, hakutaka kusikia habari ya kushinda njaa. Kula isyo, mahindi na maharagwe yetu. Kula ndengu na mboga, kunywa maji, punguza mafuta na sukari. Na kila Jumamosi, pima.

Apime wapi sasa? Soko zima lilikuwa na mizani moja, ile ya mnunuzi wa pamba, ya kuning'iniza. Basi bondia wetu akaingia kwenye gunia, akatundikwa kwenye ndoano, wakulima wakacheka mpaka machozi. Mizani ikasoma hamsini na tatu.

Kocha akashtuka. Akamwambia mkewe Kisilu, “Mbula, huyu bwana yako anaisha. Mpikie chapati.”

Mbula akapika. Kisilu akala wiki sita kwa roho safi, hadi mizani ikasoma hamsini na saba kamili. “Nilimwambia suruali haifungi,” Mbula anakumbuka. “Akasema ni mimi nimeifua vibaya.”

Machakos, mizani ikasema sitini na moja. Akavua kaptula. Sitini na moja. Akanyoa kichwa. Sitini na moja, wasikilizaji wapendwa! Akarudishwa nyumbani bila kuvaa glavu.

Huku nyumbani wakamwita mlafi. Wakampa jina, Kilo Nne. Hata kanisani mzee mmoja alihubiri juu ya ulafi akimkazia macho. Kisilu alilia. Bondia mzima alilia, na sioni haya kulisema.

Mbula hakulia. Alichukua dukani gunia la sukari, kilo hamsini, halijafunguliwa. Akalitundika kwenye mizani ya pamba mbele ya watu. Arobaini na sita.

Kila mkulima alikuwa akifikiria magunia yake ya pamba, ya mwaka huu na ya miaka yote. Mnunuzi akakumbuka ghafla kwamba ana safari. Wiki iliyofuata ikaletwa mizani mpya, na pamba ya Matinyani ikawa nzito kuliko zamani.

Lakini nafasi ya Machakos haikurudi, na lile jina halikutoka. Mbula anasema mtu wa kwanza kumwomba Kisilu radhi alifika baada ya miaka kumi na moja. Wengine wote walifika Jumamosi, kwenye mazishi.

Mama Mbula, na watoto, poleni sana. Tunalia pamoja nanyi. Na wewe unayenisikiliza, kama kuna mtu ulimcheka na hakuwa na kosa, mwendee leo, angali anaweza kukuitikia hodi.