Karatasi ya Watts Cinq Cents

Clotilde, mwenye kibanda cha kuchapa karatasi mtaani Ndosho, alipanda bus, akaweka mapajani alimentation ya ordinateur yake, kile kisanduku cha kuipa kompyuta umeme. Iliungua jana, alipoweka tu processeur mpya, ule ubongo wa mashine, na sasa alikuwa anaenda sokoni kumgombeza aliyemuuzia kisanduku.

"Processeur ya nguvu inakula courant mingi ya umeme, mama," akasema fundi aliyekaa pembeni. "Hii alimentation yako haiwezi."

"Haiwezi nini, papa? Hauone? Imeandikwa cinq cents watts!" Aliitamka hiyo mia tano kama anasoma Injili.

Fundi akaipima mkononi, nyepesi mno, akabandua kwa ukucha karatasi yenye hiyo namba. Chini yake kulikuwa kumeandikwa deux cents, mia mbili tu. "Ni mushenzi gani anachapaka hii uongo?"

Clotilde akazitambua zile herufi nyekundu. Mwezi jana alichapa karatasi mia za namna hiyo, bila kumuuliza mteja chochote.

Soko lilikuwa bado mbali.

"Shofere," akasema, "nashukia hapa."