Shangazi Aliyefungua Ukumbi Kabla ya Utepe

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika Idara ya Makazi, ofisa wetu wa mapokezi, ambaye ofisi nzima tunamwita Shangazi, anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Mimi, karani wa masjala, nimeombwa niandike maneno matamu. Nitajaribu, ila mafaili yote nimeyapanga mwenyewe, na mengine hayana utamu.

Shangazi aliajiriwa kama mpiga chapa. Mwaka wa pili alihamishiwa dirisha la wasio na makazi, "kwa muda tu", kwa kuwa aliyekuwapo alikwenda masomoni. Huyo wa masomoni hajarudi hadi leo. Hapo dirishani Shangazi alijiwekea utaratibu ambao hakuna semina iliyomfundisha: mtu apewe kiti kwanza, fomu baadaye. Kalamu zake alizifunga kwa uzi, akisema mamilioni ya ofisi hii hupotea bila kelele, lakini kalamu hazitapotelea kwake.

Miaka tisa iliyopita idara ilijenga ukumbi wa kulaza watu arobaini. Vitanda vikaja, magodoro yakaja, mablanketi yakaja. Kisha mlango ukapigwa kufuli miezi saba, tukimsubiri mgeni rasmi apate nafasi ya kukata utepe. Muda wote huo tulizilipia familia vyumba katika nyumba ya wageni, siku kwa siku. Gharama ya chumba kimoja kwa wiki mbili ingetosha kodi ya nyumba ya familia ndogo kwa miezi mitatu. Hati za malipo hayo nilizipokea kwa mkono wangu, roho ikiniuma.

Ikaja wiki ya mvua kubwa, nyumba ya wageni ikajaa. Fundi cherehani mmoja, mjane, alisimama dirishani na binti zake wawili, cherehani yake ameifunika kwa nailoni. Nyuma yao walikuwapo watu kumi na wanne. Shangazi alipanda ngazi mara tatu kuomba ruhusa, na mara tatu akaambiwa suala linashughulikiwa. Mara ya nne hakupanda. Alichukua ufunguo, akafungua ukumbi.

Mkurugenzi wa wakati ule alimwita. "Nani amekuruhusu?"

"Hakuna, mzee. Vitanda ni arobaini, watu kumi na saba. Ukitaka watoke, twende wote ukawaambie mwenyewe."

Mkurugenzi hakwenda. Badala yake alimsimamisha kazi siku kumi na nne bila mshahara, mwezi ule ule ambao Shangazi alikuwa akilipa ada ya chuo ya bintiye. Alitoka mle ndani macho mekundu. Mgeni rasmi alifika miezi miwili baadaye, akakata utepe kwenye mlango ambao kitasa chake kilishaanza kulegea.

Shangazi alirudi kazini na hoja moja: tumsaidie mtu kodi kabla hajatolewa vyombo nje, maana kumrudisha ndani ni ghali zaidi. Miaka minne ilipita ndipo akakubaliwa kufanya majaribio kwa familia ishirini. Kumi na nane hazikuonekana tena dirishani. Wakubwa walipiga makofi, kisha fungu la fedha za majaribio hayo likahamishiwa kuchapisha, kwa rangi, kitabu cha mkakati wa idara chenye kurasa mia mbili. Nakala mia tatu bado zimejaa masjala. Anayezihitaji aje, hata kama ni za kuegemezea mlango.

Wiki iliyopita Shangazi alikabidhi ofisi. Alileta orodha ya familia ishirini na sita zinazokaribia kufukuzwa na wenye nyumba. Mkurugenzi wetu mpya, kijana mwenye shughuli nyingi, alimwomba aiache mezani.

"Nimeacha karatasi mezani miaka thelathini na mmoja, mwanangu," Shangazi alimjibu, akavuta kiti. "Hii tuisome."

Waliisoma jina kwa jina, karibu saa nzima. Jumatatu mkurugenzi alimpigia simu mwenye nyumba wa familia ya kwanza, wakaelewana. Jana alifika ya tano.

Shangazi, tunakushukuru kwa kutuvumilia, na zaidi kwa siku zile ulizochoka kutuvumilia. Tunakuombea afya, usingizi mnono na uzee wenye heri. Zimebaki familia ishirini na moja. Ukipita njia hii, ingia utuulize tumefika ya ngapi.